Pikipiki ya Mtu Aliyekwenda Sudan

Kwa wewe uliyelishika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, labda hata umefungiwa nyama nalo, nitakueleza kwa ufupi. Jina langu ni Muriithi. Nilikuwa dereva wa wakili mmoja pale Thika mpaka gari lake lilipoingia mtaroni, nami nikiwa ndani yake peke yangu siku ambayo sikuwa nimetumwa popote. Kazi ikaisha hivyo.

Haukupita muda, mke wangu Idah akambeba binti yetu Wangechi mgongoni, akaondoka Mugutha tulikokuwa tumepanga, akarudi kwa mama yake Ngoliba.

Hakunitukana. Aliniambia tu kwamba amechoka kuitwa mke wa mtu na majirani wasiojua kwamba hakuna mbuzi hata mmoja wangu aliyewahi kuvuka lango la kwao.

Na alisema kweli. Sisi tulianza kukaa pamoja tu, kama vijana wengi wa siku hizi. Kwetu Wakikuyu, mwanamume hupeleka kwanza majike wawili wachanga, kondoo aitwaye mwati na mbuzi aitwaye harika, ndipo wazee wajue kwamba msichana huyu ana mwenyewe. Usipowapeleka, hata mkizeeka pamoja, mbele ya wazee yeye bado ni msichana wa kwao. Mwingine akija na mbuzi wake, mlango uko wazi.

Pesa za mbuzi nilikuwa nazo. Wiki jana niliwaacha ninyi wasomaji pesa hizo zikiwa mfukoni mwangu, nikishuka Ruiru asubuhi kutafuta mnyama wa kununua. Leo nawaambia mnyama niliyemnunua, na ukitaka kunicheka, cheka sasa, kwa sababu mbele huko hakuna kicheko.

Nyuma ya kituo cha petroli, karibu na reli, kulikuwa na uwanja wa bwana mmoja aitwaye Gachanja, dalali wa magari makuukuu. Nilipita hapo kwa sababu ndiyo njia ya mkato kwenda kwa wauza mbuzi. Akanisalimia. Nikasimama. Laiti ningekuwa kiziwi.

Gachanja aliivuta turubai, nami nikaiona. Honda ya mbio, nyekundu, injini ya mia sita, ile ambayo mtu huilalia kifudifudi. Haikuwa na mkwaruzo. Mwaka huo wa tisini na nane El Niño ilikuwa imekwisha kula barabara zote, na pikipiki nyingi nilizozijua zilikuwa zimefungwa kwa waya. Hii iling'aa.

"Mazee, hii ni ya injinia mmoja wa Membley," Gachanja alisema. "Kampuni yake imemhamisha Sudan. Ameniachia niuze, na anataka iende haraka."

Nikamuuliza kuhusu kitabu cha pikipiki, kile kinachoonyesha mwenyewe ni nani. Akasema kiko kwa injinia, kinakuja wiki ijayo na mtu wa ofisini kwao, na kama sina imani naye basi kuna Mwarabu wa Thika anayekuja kuiangalia saa sita. Wenye akili wanajua kwamba huyo Mwarabu wa saa sita hajawahi kuzaliwa. Mimi nilimwogopa.

Halafu nikaanza kujidanganya, kazi ambayo sijawahi kufutwa. Nilijiambia kwamba kwa pikipiki kama hii nitabeba barua za mawakili kutoka Thika hadi Nairobi kabla chai yao haijapoa. Nilijiambia kwamba nikiingia Ngoliba nikiwa juu yake, Idah atarudi mwenyewe na mama yake atamsukuma. Mbuzi wangengoja. Mbuzi huzaana kila mwaka, lakini Honda ya bei hiyo huja mara moja.

Nikatoa pesa. Gachanja hata hakuzihesabu vizuri. Aliingia kibandani, akarudi na mfuko wa plastiki mweusi, akaniambia vitu hivi vinaenda pamoja na pikipiki, bure.

Ndani kulikuwa na helmeti yenye kioo cheusi. Kulikuwa na koti la ngozi lenye mstari mweupe mikononi. Na kulikuwa na kimashine kidogo cha kijivu, mfano wa redio ya polisi, chenye kioo na mshale.

"Hiyo inaongea na setilaiti," Gachanja alisema. "Inakuonyesha mahali uko. Hata ukipotea jangwani."

Wanaume wangapi Ruiru walikuwa na kitu kama hicho? Nilivaa koti hapo hapo. Lilinikaa kana kwamba nilipimwa.

Fundi wangu Thika anaitwa Mahir, anatengeneza umeme wa magari jirani na msikiti. Yeye alikuwa amewahi kuwafungia watu wa mashindano ya magari mashine kama hizo, kwa hiyo niliipeleka kwake Honda yangu ipambwe. Nilitaka vioo vya pembeni vipya, mkoba wa kukaa juu ya tangi, taa mbili za manjano za ukungu, na bomba la moshi lenye sauti ya kuwaamsha wafu. Na setilaiti yangu ikae katikati ya usukani, watu waione.

Mahir alifanya kazi siku nzima bila maneno mengi, na kwa kawaida yeye ni mtu wa maneno. Mwishoni alifuta mikono, akalitazama koti langu.

"Muriithi, mtu akiuza pikipiki, anauza pikipiki," akasema. "Kofia yake na koti lake anabaki nayo. Hii ya kuuza mpaka koti, mimi sijaiona."

Nilimwambia Sudan kuna joto, koti la nini. Hakucheka. Akasema pia kwamba mahali pa kutilia ufunguo pamebadilishwa, ni papya, na tena pametiwa na mtu aliyekuwa na haraka. Nikamwambia amalize kazi yake aniachie wasiwasi wangu.

Kisha akanionyesha namna ya kuitumia mashine. Haikuwa na ramani. Unaichagulia alama ya mahali, nayo inakupa mshale wa kufuata na umbali uliobaki. Injinia alikuwa ameacha alama zake humo, nyingi, namba namba tu. Mahir akanishauri nizifute zote nianze upya.

Nilizifuta. Nikabakisha moja, kwa sababu hiyo ilikuwa na jina. Iliandikwa KWETU.

Nilijua kwetu kwake ni Membley, na kutoka pale kwa Mahir, Membley iko upande wa Ruiru. Nikaichagua nione kama mashine inasema kweli. Mshale ukazunguka, ukasita, kisha ukaelekea kule kwingine, upande wa barabara ya Garissa.

Nikasema mashine imeharibika. Mahir akasema mashine haijaharibika.

Jumamosi asubuhi nikavaa kila kitu. Kabla ya kwenda Ngoliba nilipitia Ruiru kumwuliza Gachanja kuhusu kitabu cha pikipiki, maana wiki ijayo yake ilikuwa imefika. Uwanja ulikuwa mtupu. Hakukuwa na gari, turubai wala kibanda. Mama aliyekuwa akichoma mahindi mlangoni akaniambia bwana huyo alihama usiku na hakuaga mtu. Aliponiambia hayo hakuwa akinitazama mimi, alikuwa akiitazama Honda.

Hapo mtu mwenye akili angegeuza. Mimi nilijiambia kwamba dalali ni dalali, huhama kama ndege, na mke wangu ananingoja. Nikafunga kioo cheusi, nikatia moto.

Kutoka Thika nikashika barabara ya Garissa. Nilikuwa nimeiacha ile alama ya KWETU iwake, kwa mchezo tu. Mananasi yakapita kushoto na kulia. Mshale ukaelekea mbele kabisa, umbali ukawa unapungua. Nikacheka ndani ya helmeti. Nikasema kumbe tunaenda upande mmoja mimi na wewe, bwana injinia.

Mlima wa Kilimambogo ukatokea, na mshale bado ukasema mbele. Nikafika penye njia ya kuingilia Ngoliba. Mshale ukageuka pale pale, kabla mimi sijageuka.

Kicheko kikaisha. Nikapunguza mwendo. Huko ni nchi kavu, miti ya miiba na vumbi, na mvua za El Niño zilikuwa zimechimba mitaro katikati ya barabara. Nilipopita soko la Ngoliba niliomba moyoni mshale uelekee kwingine kokote, mtoni, shuleni, kwa chifu. Ukanionyesha njia ndogo ya upande wa kushoto, ile iliyo na bwawa lililokauka.

Njia hiyo naijua. Nimewahi kuipita mara moja tu, siku tulipomzika baba yake Idah.

Nilisema nitaizima ile mashine, na sikuizima. Mtu mwenye jino bovu haachi kuligusa kwa ulimi. Umbali ulipungua mpaka ukawa hatua chache, na mashine hizo hazina uhakika wa hatua chache, kwa hiyo mshale ukaanza kuyumba huku na huku. Nikainua macho. Nilikuwa nimesimama mbele ya lango la mama mkwe wangu.

Mbwa hakubweka. Alikuja akitikisa mkia, akainusa gurudumu la mbele, akalala kivulini mwa pikipiki kama aliyezoea kulala hapo.

Mama mkwe wangu anaitwa Waruguru. Siku ya mazishi alinisalimia kwa ncha za vidole. Sasa alitoka jikoni mbio mbio, akipangusa mikono kwa leso, uso wote umefunguka. Nyuma ya nyumba, karibu na tangi la maji, mzee Bedan, mdogo wa marehemu na msemaji wa ukoo wao, alikuwa na vijana wawili wakipigilia misumari kwenye zizi jipya. Lilikuwa zizi la mbuzi. Wakaweka nyundo chini, wakanipungia mkono.

Nilikuwa sijavua helmeti. Nilikuwa na kioo cheusi usoni na koti la mtu mwilini, na nikafanya ujinga wa kunyamaza.

"Mwanangu, wewe umetutia hofu," Waruguru alisema. "Tulisema labda umepata ajali. Idah hata hali. Bedan amekuwa akiniuliza kama siku ya mbuzi imebadilika, nikamwambia mtu aliyetuchimbia kisima hawezi kutudanganya na mbuzi."

Nikasikia kila neno. Hakuna hata moja lililokuwa langu.

Kisha akageuka akaita ndani ya nyumba. "Awiti! Awiti, kuja uone baba amekuja."

Aliyetoka akikimbia ni Wangechi. Ni binti yangu, mwenye jina la mama yangu mzazi, kwa sababu kwetu msichana wa kwanza huitwa jina la mama wa baba yake, na jina hilo ndilo linalosema mtoto ni wa nani. Sasa aliitikia Awiti, jina la mama wa mtu mwingine, akaja akaukumbatia mguu wangu.

Nilivua helmeti.

Mtoto aliniachia mguu. Waruguru alirudi nyuma hatua, na ule uso uliokuwa umefunguka ukafungwa. Hakunitazama usoni zaidi ya mara moja. Alilitazama koti, akaitazama pikipiki, akalitazama koti tena.

"Boaz ako wapi?" akauliza.

Nataka mnielewe. Wakati ule sikuwa na hofu. Nilikuwa na uchungu, na uchungu wangu hutoka kwa mdomo. Nilijiona mimi ndiye niliyeibiwa. Nilianza kupiga kelele kwamba Boaz ni nani, na kwamba kumbe nyumba hii imegeuka mnada. Mzee Bedan akaja polepole na vijana wake. Hakupandisha sauti. Aliniambia Boaz ni mtu wa visima, anakaa Membley, alikuja kuwachimbia maji mwaka jana, akarudi na wazee wake kubisha hodi kwa adabu, na kwamba kama kuna mtu mwingine aliyewahi kubisha, yeye Bedan hamkumbuki.

Maneno hayo yalinichoma kwa sababu yalikuwa ya haki.

Idah akatokea mlangoni. Alikuwa amekonda. Nilipomwona, nilisahau maneno mazuri yote niliyoyapanga njiani. Nilichotaka ni kumwumiza kama alivyoniumiza. Nikakumbuka Sudan, nikafurahi kwamba ninayo.

"Boaz wenu hatarudi," nikamwambia mbele ya wote. "Msimngoje. Mimi ndiye najua alikoenda, na huko mtu harudi na mbuzi."

Nilidhani atalia. Niliwaza kwamba akilia nitamfariji, nitamweleza kwamba injinia amehamishwa, ameuza kila kitu na kumtoroka, kisha nitampakia nyuma ya pikipiki pamoja na mtoto. Ndivyo nilivyokuwa nimelewa hasira.

Idah hakulia. Alikuja mpaka nilipokuwa, akaishika sehemu ya ndani ya kola ya koti, akaigeuza kama anayetafuta alama anayoijua. Alikuwa na mikono baridi.

"Alienda wapi, Muriithi?"

"Sudan. Kampuni imemhamisha. Ameuza pikipiki."

"Jumatatu watu wa kampuni yake walikuwa hapa," akasema. "Wanamtafuta. Hajafika kazini tangu siku aliyotoka hapa kwetu. Wameandikisha kwa polisi Ruiru."

Ndipo baridi ya mikono yake ikaniingia. Nikaanza kusema haraka. Niliwaambia kuhusu Gachanja, kuhusu turubai, kuhusu mfuko mweusi. Mzee Bedan akaniuliza Gachanja wa nani, wa wapi, twende tumwone. Nikasema uwanja wake uko nyuma ya kituo cha petroli, lakini leo asubuhi nimepita nikakuta amehama. Akaniuliza kitabu cha pikipiki kiko wapi. Nikasema kinakuja. Nilijisikia nikisema mambo hayo, na kama ningekuwa Bedan nisingeyaamini.

Nikawaambia nina fundi, Mahir wa Thika, shahidi wangu, aliyenifungia kila kitu. Kijana mmoja akauliza huyo fundi alinifungia nini. Nikasema vioo vipya, taa, bomba. Nilikuwa nikijitetea na huku nikieleza vile nilivyoibadilisha pikipiki ya mtu aliyepotea isitambulike.

Bedan aliinama, akachomoa ufunguo, akautia mfukoni. Akamwambia kijana mmoja akimbie kwa chifu. Kisha akamgeukia Idah, akamwambia anieleze Boaz alikuwa akienda wapi siku ile, maana labda mimi sijui.

Idah alikuwa amemnyanyua mtoto. Alinena taratibu, akinitazama machoni, jambo ambalo hakulifanya siku aliyoniacha.

"Siku ile Boaz alipotoka hapa hakuwa anaenda Membley. Nilimwambia tuachane na wewe kimya kimya, akakataa. Akasema hawezi kuchukua mke wa mtu kama mwizi, iwe mbuzi zimelipwa ama hazijalipwa. Akasema anaenda Mugutha akuongeleshe kama mwanaume. Mimi ndiye nilimwelekeza nyumba."

Nikasema sijawahi kumwona. Nikasema hivyo mara nyingi. Niliapa kwa jina la mama yangu, na nilipolitaja jina hilo, mtoto aligeuza uso akauficha begani mwa mama yake.

Idah hakuniuliza kama nasema kweli. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Alisikia uchungu?"

Nilitazama lango. Lilikuwa wazi, na zaidi yake kulikuwa na ile njia ya bwawa na barabara kubwa. Sikuwa nimekusudia kukimbia. Niligeuza tu shingo, kama mtu yeyote angegeuza, lakini wote waliona nilipotazama.

"Funga lango," Bedan aliamuru.

Kijana aliyebaki hakusogea. Alikuwa akiniogopa, nikaona waziwazi kwamba ananiogopa, mimi Muriithi ambaye hata kuku wa Krismasi huchinjiwa na jirani.

Idah akampa mama yake mtoto. Akanipita bila kunigusa, akalivuta lango mpaka likafika mwisho, akachukua waya, akaanza kulifunga. Alizungusha waya huo mara nyingi, akiukaza kwa mikono yote miwili.